Njia ya Mbingu inahitaji wahandisi

MWEZI wa Shaaban nilialikwa kwenye ndoa huko Mbingu. Msomaji asishtuke, sikusudii zile mbingu saba. Mbingu ninayoizungumzia ni kata iliyomo katika bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, ukitoka Ifakara kuelekea Mlimba, chini ya milima ya Udzungwa. Ina stesheni yake ya reli ya TAZARA, ina mashamba ya mpunga yanayokwenda mpaka macho yachoke, na ina njia ambayo masika yakikolea humfanya abiria asome dua zote alizohifadhi tangu madrasa.

Baada ya khutba ya nikahi, tukiwa tumekaa kwenye mkeka tunasubiri sinia, alinijia kijana mmoja akanipa salamu. “Assalaam alaykum ustadh, unanikumbuka?” Nilimkumbuka. Nilimfundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu zaidi ya miaka kumi iliyopita, nilipokuwa ndio kwanza nimetoka chuo kikuu na kupata kazi katika sekondari moja. Alikuwa kijana hodari, mwenye hati nzuri na maswali mengi, na mtihani wa kidato cha nne alipata A katika somo langu. Nikamuuliza siku hizi anashughulika na nini.

“Nalima mpunga, ustadh. Na wakati ule wa ujenzi wa lami ya Ifakara nilikuwa nabeba zege.”

Akanisimulia. Ilipokuwa inajengwa barabara ya lami kutoka Kidatu hadi Ifakara, alikwenda kwenye geti la kambi ya mkandarasi kutafuta kazi. Hapo getini palikuwa na ubao wenye nafasi za kazi: mpima, fundi sanifu wa maabara ya udongo na zege, mkadiriaji majenzi, msimamizi wa ujenzi. Chini kabisa ya ubao, bila idadi, vibarua. Foleni ya vibarua ilikuwa ndefu, na karibu wote walikuwa vijana wa bondeni. Kwenye zile nafasi za juu hakukuwa na foleni. Walioitwa walikuja na mabasi kutoka mikoa mingine, na vyeti vyao wamevibeba kwenye bahasha.

Yule kijana akapangiwa kubeba sampuli za udongo na zege kupeleka maabara. Ndani ya maabara alikuwamo kijana wa rika lake, mwenye stashahada ya ufundi wa ujenzi. Kazi yake ilikuwa kupima unyevu wa udongo, kupima kama kifusi kimeshindiliwa kwa kiwango kinachotakiwa, na kuvunja michemraba ya zege kwa mashine, mingine ikiwa na siku 7 na mingine siku 28, aone kama zege limefikia nguvu iliyoandikwa kwenye mkataba. Mwanafunzi wangu akavutiwa, akaomba afundishwe. Mwenzake akamwambia kwa uungwana tu, kazi hii utaijua kwa macho, lakini bila cheti hakuna atakayekubali saini yako. Akaondoka na matokeo yake ya kidato cha nne kwenda kuuliza chuoni. Huko akaambiwa zinatakiwa alama za kufaulu katika masomo manne yasiyo ya dini, na kwa fani ya ujenzi hutazamwa Hisabati na Fizikia.

“Fizikia niliiacha nilipomaliza kidato cha pili, ustadh,” akasema. “Unakumbuka?”

Ndiyo, nakumbuka, kwa sababu aliyemshauri aiache ni mimi. Ratiba ya shule ile ilikuwa imebana, kipindi cha Fizikia na kipindi changu vikigongana. Akaja kuniuliza afanye nini. Nikamwambia Fizikia itakupotezea muda, chukua masomo ya sanaa, utapata nafasi ya kuisoma dini yako vizuri. Nilisema hivyo nikijiona nimeiokoa nafsi moja. Sinia lilipofika sikula vizuri siku ile, na makala haya nayaandika kwa ajili ya swali lake.

Ndugu msomaji, wanafunzi wetu tunawafundisha kuwa faradhi zipo za aina mbili. Ipo faradhi ya kila mtu, kama swala tano, na ipo faradhi ya kutosheleza, ambayo wakiitekeleza baadhi wengine wanasalimika, na wakiiacha wote jamii nzima inabeba dhambi. Mfano ambao sisi walimu tumeuzoea ni swala ya jeneza. Tunautoa, wanafunzi wanaandika, kengele inalia. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, hakuishia kwenye jeneza. Katika kitabu cha elimu kilichomo ndani ya Ihya-u Ulumid-din aliitaja tiba na hesabu, akataja pia kilimo, ufumaji na ushonaji, kuwa ni faradhi za kutosheleza, kwani mji ukikosa wajuzi wa fani hizo watu wake wanaangamia au wanataabika. Kisha akawalaumu wanazuoni wa zama zake. Alisema ipo miji ambayo tabibu pekee ni asiyekuwa Mwislamu, na huku watu wanasongamana kusoma fiq-hi, na hasa mas-ala ya khitilafu, kwa sababu humo ndimo zilimokuwa zinapatikana kazi za ukadhi na za kusimamia mali za mayatima. Zaidi ya miaka mia tisa imepita tangu aandike maneno hayo. Weka mhandisi mahali pa tabibu, halafu utembee kutoka Kidatu mpaka Mlimba.

Na tukirudi kwenye Qur’an yenyewe, katika Surat al-Kahf kuanzia aya ya 93 tunakisoma kisa cha Dhul-Qarnayn na watu waliokuwa wakihujumiwa na Yaajuj na Maajuj. Watu wale walikuwa na fedha, maana walitaka kumlipa awajengee kizuizi. Walikuwa pia na nguvu za mikono, maana aliwaomba wamsaidie kwa nguvu, wakamsaidia. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia waanze na nini. Yeye akawaagiza vipande vya chuma, akavipanga mpaka akajaza nafasi baina ya majabali mawili, akaamuru wavuvie moto, kisha akamimina juu yake shaba iliyoyeyushwa. Kila mwaka nakifundisha kisa hiki, na kwa miaka mingi nilikuwa nakipitia mbio ili nifike kwa Yaajuj na Maajuj, maana hapo ndipo darasa huchangamka. Sikuwahi kusimama kwenye aya ya 96 nikawauliza wanafunzi: nani humu darasani anajua kwa nini chuma kilipashwa moto kwanza ndipo shaba ikamiminwa?

Hebu sasa tuliangalie soko lenyewe, kwani si vizuri kumhamasisha mtu kwa jazba halafu ukamwacha njiani.

Hapo bondeni tu, kwa muda usiofika miaka kumi, yamefanyika mengi. Daraja la mto Kilombero lenye urefu wa mita 384, linaloiunganisha Ifakara na upande wa Ulanga, lilizinduliwa Mei 2018 na kuchukua nafasi ya kivuko, kile kile kilichopinduka Januari 2016. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, takriban kilomita 67 pamoja na daraja jipya la Ruaha Mkuu, ilizinduliwa mwaka 2024. Ya Ifakara hadi Mbingu, kilomita sitini na ushei, nayo imeingizwa katika mpango wa lami. Reli ya TAZARA iliyojengwa na Wachina pamoja na maelfu ya vijana wa Tanzania na Zambia kati ya 1970 na 1975, mwaka 2025 imewekewa mkataba mwingine na kampuni ya China wa kuifufua, kwa zaidi ya dola bilioni moja za Marekani. Na maji ya Kilombero yakishaingia Rufiji ndiyo, kwa sehemu kubwa, yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115.

Bwawa hilo limejengwa na kampuni mbili za Misri. Reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Morogoro, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, imejengwa na kampuni ya Uturuki. Nalitaja hili kwa makusudi. Wapo kati yetu wanaodhani uhandisi ni elimu ya wenzetu. Waislamu wa Cairo na Istanbul wamevuka bahari kuja kutujengea, na sisi Waislamu wa Ifakara tumewauzia chapati.

Bonde lenyewe halitaacha kuhitaji wahandisi. Mito inashuka kwa kasi kutoka Udzungwa, inalikata tambarare, inajaa, inahama njia. Masika ya 2024 yaliharibu barabara na makalvati mengi katika bonde hili. Kila kalvati linalochukuliwa na maji linahitaji mtu wa kukokotoa upya ni maji kiasi gani yatapita hapo na tundu liwe la upana gani. Hiyo ni kazi ya mhandisi na si ya greda. Ongeza TARURA iliyoanzishwa 2017 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, ongeza RUWASA iliyoanzishwa 2019 kwa maji ya vijijini, ongeza skimu za umwagiliaji wa mpunga. Kisha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 imepandisha hadi shilingi bilioni 50 kiwango cha miradi inayotengwa kwa makandarasi wazawa. Mkandarasi mzawa akipata kazi atamtafuta mhandisi mzawa.

Pamoja na hayo, tuseme kweli. Wapo wahandisi wa ujenzi waliohitimu na hawana kazi. Mimi binafsi nawajua wawili, mmoja anaendesha duka la mtandao wa simu. Inawezekanaje soko liwe na uhitaji na wahitimu wakae vibarazani? Nimewauliza wenye fani, na majibu yao yananishawishi.

Kwanza, watu wengi hawajui kuwa shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mhandisi mtaalamu mbele ya sheria. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997 inamtaka aliyehitimu asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, kisha afanye kazi chini ya uangalizi kwa muda usiopungua miaka mitatu, aandike taarifa za kazi zake, asailiwe, ndipo asajiliwe kuwa mhandisi mtaalamu. Tangu 2003 Bodi ina mpango maalumu wa kuwapeleka wahitimu kwenye mafunzo hayo ya kazini. Mzazi aliyemlipia mtoto miaka minne ya chuo anadhani safari imekwisha, kumbe bado miaka mitatu ya jua na matope kwa posho ndogo. Wengi hukatikia hapo. Na wengi walishaharibu tangu chuoni, kwa kuyafanya mafunzo kwa vitendo kuwa ni kwenda kugongewa muhuri tu.

Lingine ni hili la sote kutaka kuwa mkuu wa kazi. Kipimo kinachotajwa sana na wenye fani ni kwamba mhandisi mmoja anahitaji mafundi sanifu watano na mafundi stadi ishirini na watano. Maana yake ni kuwa pale kwenye ubao wa geti, nafasi nyingi zaidi zenye staha ni za fundi sanifu, mpima na mtu wa maabara. Kazi hizo haziulizi kidato cha sita. Kijana wa kidato cha nne mwenye Hisabati na Fizikia za kufaulu anaweza kwenda chuo cha ufundi, Dar es Salaam, Mbeya au Arusha, akatoka na stashahada baada ya miaka mitatu. Akitaka baadaye ataendelea na shahada, tena akiwa na uzoefu. Lakini nenda kwa mzee wa Kiislamu mwenye uwezo, mwambie mwanao awe fundi sanifu. Ataona umemtusi. Fundi! Atamuuza ng’ombe mtoto akasome shahada ambayo soko lake limeshajaa, kwa sababu tu ni shahada.

Tena miradi ina mwisho. Barabara ikikabidhiwa, kambi inavunjwa na mikataba ya watu inakwisha. Ajira za serikali zinazotangazwa na Sekretarieti ya Ajira ni chache kuliko waombaji. Mhandisi wa ujenzi ni msafiri, leo Ifakara, kesho Kigoma, na asiyeweza kuhama hatalifaidi soko hili. Sisemi hivi kumkatisha mtu tamaa. Nasema ili anayekwenda aende akijua.

Najua wapo wasomaji ambao wameshasimama kwenye lile neno “masomo yasiyo ya dini” na kalamu zao ziko tayari. Mimi ni mwalimu wa somo hilo, linaniuma kuliko wao. Kijana amelisoma miaka minne, amefanya mtihani wa Baraza la Taifa, kisha A yake haihesabiki. Tulilalamikie, ni haki yetu. Lakini hata ile A ingehesabiwa, isingemfundisha kijana yule kukokotoa mzigo wa boriti. Mchemraba wa zege ukiwekwa kwenye mashine unavunjika pale nguvu yake inapoishia, haumuulizi aliyeupima anaitwa nani wala anasali wapi. Hapo kwenye mashine hakuna wa kumlalamikia.

Na madhara ya kukosa wajuzi wetu tunayaona hata kwenye nyumba za Allah (s.w). Katika mji mmoja wa bonde lile nimeswali katika msikiti ambao ukuta wake wa qibla una ufa unaopitisha vidole vitatu. Ulijengwa kwa michango ya wajane na wauza samaki. Umesimama juu ya udongo mweusi wa mbuga, ambao masika hunywa maji ukavimba na kiangazi hukauka ukapasuka. Mtu yeyote aliyesomea udongo angechimba shimo la majaribio kabla ya tofali la kwanza, akasema ama tuuondoe udongo huu tujaze kifusi, au tubadilishe msingi. Kamati iliona kumlipa mhandisi ni israfu, ikamwachia fundi wa mtaani. Sasa wanachangisha mara ya pili, na fundi ni yule yule! Hilo ni dogo. Machi 29, 2013 ghorofa liliporomoka katikati ya Dar es Salaam, Mtaa wa Indira Gandhi, na roho zaidi ya 30 zikapotea. Novemba 2024 likaporomoka jingine Kariakoo.

Ndiyo maana katika Surat al-Qasas aya ya 26, binti yule alipomshauri baba yake amwajiri Musa (a.s), alitaja sifa mbili pamoja: nguvu na uaminifu. Hapa wanaodharau kazi yangu nao wapate sehemu yao. Asiye mwaminifu huweza kuhesabu nondo vizuri kabisa na kuziiba vizuri kabisa. Mhandisi anatia saini kuwa zege limefikia nguvu, na hakuna atakayejua kama amedanganya mpaka miaka mitano ipite na mvua ije. Hapo katikati anaonwa na Mola wake tu. Kijana aliyeifahamu amana barabara, akiongezewa Fizikia, soko linamhitaji kuliko yeyote. Mimi nilimpa mwanafunzi wangu nusu ya sifa za Musa, ile nusu ya pili nikamwambia inapoteza muda.

Kwa upande wa mabinti nitasema kidogo tu. Wahandisi wanawake wapo nchini, Bodi inawasajili, na wenye hijabu wamo. Maabara ya udongo haina tofauti na maabara ya hospitali ambako tunawapeleka binti zetu kwa furaha. Mzazi mwenye wasiwasi aweke masharti yake ya usalama na mahali pa kulala, lakini asimwondoe binti kwenye Hisabati akiwa na miaka 14 kwa kuhofia jambo la miaka 25.

Sasa mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta mkondo wa amali tangu kidato cha kwanza, na ujenzi umo. Nimeshasikia kwenye vikao vya shule zetu mkondo huo ukiitwa wa watoto wazito. Wakuu wa shule za Kiislamu wafikirie sana kabla ya kulikubali jina hilo. Waangalie na ratiba zao, wasije wakamlazimisha mtoto kuchagua baina ya kipindi cha dini na kipindi cha Fizikia kama tulivyomlazimisha yule wa kwangu. Ni suala la nusu saa ya mwalimu wa taaluma kukaa na penseli.

Kuhusu yeye mwenyewe, tumekubaliana afanye mtihani upya kama mtahiniwa wa kujitegemea, Hisabati na Fizikia. Fizikia ina mtihani wa vitendo, kwa hiyo itabidi tumtafutie kituo chenye maabara. Ana mke na mtoto mmoja, shamba haliwezi kusubiri, na mwenyewe amesema huenda ikachukua miaka miwili. Ana mdogo wake yupo kidato cha pili. Huyo ameahidi kuniletea karatasi ya kuchagua masomo kabla hajaijaza.

Nami nimeanzisha darasa la Jumamosi kwenye madrasa ya mtaani kwetu, baada ya watoto kumaliza juzuu zao. Jumamosi iliyopita walikuja tisa. Mwalimu wa Hisabati ni jirani yangu, Mkatoliki, anafundisha mpaka adhuhuri na amekataa malipo. Kwa Fizikia bado hatujapata mtu, na vitabu vya kidato cha pili tunavyo viwili.